Jina la Kwanza Kwenye Orodha ya Taa

Katuba, Lubumbashi, 9 Juni 1986

Kwako yaya Rabia, dada yangu mkubwa,

Salaam aleikum. Natumaini wewe na watoto mko wazima huko Sakania mlikohamia, na kikohozi cha Adija kimepoa. Huku mama hajambo, ni miguu tu inayomsumbua.

Yaya, arobaini ya mume wako Kasimu imepita na mimi sikufika. Sikuwa mgonjwa kama nilivyomtuma Bahati akuambie. Nilikuonea haya.

Unajua nilivyojivuna walipoleta ordinatere, ile kompyuta, pale mgodini, nikaambiwa niitengenezee orodha ya wanaochukua taa na kushuka chini. Mzee Mutale wa chumba cha taa alisihi ubao wake wa namba za walioshuka ubaki. Nilimcheka, nikaung'oa.

Kazi ile niliiandika kwa asembla, lugha ya mashine yenyewe. Kumbukumbu yake imegawanywa vipande, kama vyumba vya nyumba. Kipande kimoja kilipokea majina elfu moja na ishirini na nne. Kikijaa, ni wewe wa kuiambia mashine ihamie kingine. Usipoiambia, hailalamiki: inarudi mwanzo na kuandika jina jipya juu ya lile la kwanza.

Siku ile ya Aprili walishusha zamu mbili pamoja, jina moja likazidi. Mwamba ulipoporomoka, waokoaji walifuata orodha yangu, wakawatoa wote waliomo, wakaacha kutafuta. Ulikuja langoni jioni ukisema Kasimu hajarudi. Ni mimi niliyekujibu kwamba mashine inajua, hakushuka. Alipokutwa siku ya tatu, wakasema alishuka kwa siri kuiba nyaya. Na hilo umelibeba mpaka leo.

Yaya, nilikuwa najua. Wiki mbili kabla nilijaribu majina ya uongo, nikaona la kwanza linafutika. Tulikuwa kwenye mazoezi ya ngoma za kuwachezea wakubwa wa chama, muda haukuwepo, nikajiambia hawatashuka wengi hivyo, nitarekebisha baadaye. Hata pale langoni lilinijia akilini. Shefu wangu wa kazi alikuwa kando yangu, nikakujibu vile kwa kumwogopa.

Leo nimemweleza shefu kila kitu na kuweka sahihi. Waambie watoto baba yao hakuwa mwizi. Alichukua taa kabla ya wote, ndiyo maana ni yeye aliyefutwa. Na kuna jambo walilokuficha: daktari alisema alipumua mpaka siku ya pili.

Mama anakusalimu sana. Nisalimie Adija na wadogo zake.

Kama bado unanikubali, mudogo wako,
Feruzi