Papa, Chui Alikuja Upande Wako

Papa,

Daktari wa wanyama alinipigia simu Jumanne. Nilikuwa saluni, vidole vimejaa mafuta, mteja nimemsuka nusu kichwa. Alisema kuna chui mwingine kule Waterberg, dume, anakamata ndama kwenye shamba linalopakana na la yule mfugaji, Oom Dirk, na wenyewe wamechoka, wanataka kumpiga risasi. Akaniuliza kama naweza kwenda kumwita, ili wamwahi kwa sindano ya usingizi na kumhamisha. Nikamjibu nitafikiri. Nikarudi kwenye nywele, nikakosea mistari mara mbili, mpaka mteja akanigeukia: "Dada, uko sawa?"

Siko sawa, Papa. Ndiyo maana nakuandikia. Hapa Johannesburg nzima sina mtu mwingine wa kumuuliza habari za kuita chui.

Ni mwaka na nusu sasa tangu tukuzike. Mama bado anapika bukari laini, ugali ule uliokuwa ukiweza kumeza, ingawa hakuna mgonjwa tena nyumbani. Simwambii kitu. Tunakula hivyo hivyo. Jumapili anapanda ngazi za kanisa, pale juu ya duka la mablanketi, na akifika ghorofa ya kwanza anasimama kupumzika, kama alivyokuwa akisimama kukungoja. Neema, binti yangu, ametimiza miaka sita. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu kwa Kizulu. Wiki iliyopita aliniuliza babu alikuwa anafanya kazi gani. Nikamwambia amalize kula kwanza, Papa. Swali dogo namna hiyo, na mimi nikalikwepa.

Kwa sababu nilipokuwa shuleni nilisema uongo. Niliwaambia wenzangu kwamba baba yangu ni mlinzi wa benki. Sikuweza kusema kwamba baba yangu anakaa kwenye miamba huko kaskazini, anajifanya sungura anayekufa ili kuwaitia wafugaji chui na mbweha. Ulipokuja nyumbani mwisho wa mwezi ulikaa ukingoni mwa kitanda, ukabandika midomo nyuma ya kiganja na kuvuta, na fleti yetu yote ya Joubert Park ikajaa kilio. Sungura kwanza, kisha mtoto wa mbuzi, kisha paa. Mama Zuhura wa Tanga, jirani yetu, aligonga ukuta: "Jamani, nani anachinja humo ndani?" Mama alicheka mpaka akatokwa na machozi. Mimi sikucheka.

Na zote nilikuwa nazijua. Ulinifundisha tangu tukiwa Fizi, kule Kongo, nikiwa na miaka saba, nyuma ya mashamba ya mihogo. Ulinifundisha kukaa upepo ukinipiga usoni, kuegemea kitu kikubwa kuliko mimi, kusogeza macho tu na si kichwa. Ulisema mbweha unaweza kumwita ukanyamaza kidogo, atakuja mwenyewe kutafuta, lakini chui ukimnyamazia anakaa chini na kusahau alichokifuata. Chui anataka kilio kisichokatika. Nilikuwa hodari, ulisema. Kisha tukaja huku, nikakua, nikaanza kuona haya.

Nilikuwa na miaka kumi na sita siku ile niliyokuambia, "Papa, acha hizo sauti. Watu wanatuona watu wa porini." Ulikatiza kilio katikati. Ukafuta kiganja kwenye suruali. "Sawa, mama," ulisema. Basi. Hukulia tena ndani ya nyumba hiyo, hata siku moja.

Halafu sauti yenyewe ikachukuliwa. Daktari alisema saratani imeshika koo, na ili uishi lazima wakate mahali sauti inapotoka. Ulitoka hospitalini ukiwa na tundu shingoni la kupumulia na daftari la shule la kuandikia. Neno la kwanza uliloniandikia lilikuwa "chai". Nilikwenda kuipika huku nalia, na sufuria ikachemka mpaka ikakauka.

Nakumbuka Oom Dirk alivyotuma ujumbe majira yale ya baridi. Chui amekula ndama wanne. Mwenyewe alikuwa amejaribu kumwita kwa spika yenye vilio vilivyorekodiwa, akampiga risasi akamkosa, na tangu hapo chui akisikia spika anageuza njia. Daktari wa wanyama alikuwa tayari kuja na bunduki ya sindano, lakini bila mtu wa kumwita hakukuwa na kazi. Nilikusomea ujumbe huo nikidhani utatikisa kichwa. Ukachukua kalamu: "Mashine inalia sawasawa kila siku. Mnyama anayekufa halii sawasawa." Ukageuza ukurasa: "Twende. Wewe utalia, mimi nitaona."

Hukuniuliza kama nakumbuka. Ulijua nakumbuka.

Asubuhi ile kulikuwa na umande ulioganda kwenye majani. Ulichagua mahali wewe: ukingo wa mwamba, kichaka mbele, ng'ombe wakiwa mbali nyuma yetu. Ulifunga unyoya wa kanga kwa uzi kwenye kijiti, hatua ishirini kutoka tulipo, ili chui akija macho yake yashikwe na kitu kinachocheza, yasitutafute sisi. Daktari alijificha kwenye mawe upande wa kulia. Tukakaa mgongo kwa mgongo, kwa maana chui hupenda kuzunguka na kutokea usikotazama. Ukanionyesha kwa kidole: ukinigonga mara moja, ninyamaze. Mara mbili, niendelee.

Nililia kama mtoto wa paa. Nilianza chini, kama ulivyonifundisha, isije ikawa yuko karibu akashtuka. Nikapandisha. Nikaiacha sauti ivunjike, ichoke, itafute pumzi. Midomo ilipasuka kwa baridi. Nilihesabu nusu saa na hakuna kilichotokea, nusu nyingine ikaanza, na nikawa na hakika kwamba nimekuaibisha.

Kisha mgongo wako ukakaza. Nikajua amekuja, na amekuja upande wako.

Sikumwona, Papa. Nilikuwa naangalia unyoya na kichaka kitupu. Nilitaka kunyamaza. Kila kitu mwilini mwangu kilitaka kunyamaza na kugeuka. Ukanigonga mara mbili. Nikalia. Ukanigonga tena mara mbili, taratibu kabisa, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Baadaye daktari aliniambia chui alikaa hatua tano kutoka magotini pako, amekutazama, na wewe hukupepesa jicho. Kama ningekata kilio angekimbia, au angeruka. Nilisikia mlio mdogo wa bunduki, majani yakakwaruzwa, kisha kimya.

Alikuwa jike. Daktari alipomgeuza ubavu alikuta matiti yamejaa maziwa.

Oom Dirk alivua kofia. Hakuwa mtu mbaya, unajua, alikuwa mtu aliyepoteza ndama. Daktari alisema, "Nikimwacha hapa, atapigwa risasi. Nikimhamisha peke yake, watoto watakufa." Nikaona umeshaanza kutembea. Ulikuwa umeinama, unasoma nyayo zake kinyumenyume, kule alikotoka, na sisi tukakufuata kama watoto. Kila hatua kumi ulisimama kutafuta hewa. Nilitaka kukushika mkono, ukaukataa.

Nyayo ziliishia kwenye mwanya wa jiwe. Ndani kabisa, mahali ambapo mkono haufiki, kulikuwa na macho manne. Daktari alijaribu fimbo, wakarudi nyuma zaidi. Nilijaribu kilio, wakanifokea. Wewe ukanisogeza pembeni. Ukapiga magoti. Ukafungua kitambaa shingoni, ukaweka kidole kwenye lile tundu, na ukaanza kusukuma pumzi nje, fupi fupi, laini, puf, puf, puf. Niliitambua papo hapo. Ni sauti ya chui jike anaporudi kwa watoto wake. Tulipokuwa Fizi uliwahi kuniambia kwamba hii ndiyo pekee usiyoiweza, kwa sababu midomo ya mtu huiharibu.

Wa kwanza alitoka akiyumba. Akaja mpaka gotini pako. Wa pili akamfuata. Daktari aliwafunika kwa koti lake. Oom Dirk alikuwa ameupa mlima mgongo wake, anajipangusa uso.

Kwenye basi la kurudi nilijiandaa. Nilikuwa na maneno yangu yote, kuhusu kitanda, kuhusu benki, kuhusu ile "Sawa, mama". Nilipogeuka ulikuwa umelala begani kwangu, na pumzi yako inanigusa mkono. Nikasema moyoni, nyumbani. Nyumbani nikasema, Jumapili. Jumapili nikasema, akipata nguvu.

Hukupata nguvu. Ulirudishwa hospitalini, na Alhamisi ile nilikuwa chini hapo, nimeshika uji kwenye chupa, nangoja lifti. Lifti moja ilikuwa imeharibika na nyingine ilijaa. Nilingoja kwa subira, Papa. Nilimpisha hata mama mmoja mwenye mtoto. Nilipofika juu muuguzi alinishika kiwiko kabla sijafika mlangoni, na nikamwambia, "Hapana, nimeleta uji wake," kana kwamba hilo lingebadilisha kitu.

Basi nayasema sasa. Nilikuonea haya, na hukustahili. Ulikuwa na kazi ambayo watu wawili au watatu tu wanaiweza, na mimi nilikufanya uifiche kama wizi. Nisamehe. Sijui kama ulikuwa umeshanisamehe mlimani. Nadhani mtu hawezi kumpa mgongo wake mtu asiyemwamini. Lakini ningependa kulisikia neno hilo kwako, hata kwa kalamu.

Daktari ameniambia chui wako na watoto wake walipelekwa hifadhi iliyo mbali, milimani, na kwa muda waliweza kumfuatilia kwa mkanda wa shingoni. Mwezi uliopita mkanda ulidondoka, kama ulivyotengenezwa udondoke. Sasa hakuna anayejua aliko. Watoto wameshakua, wameachana naye, kila mmoja na mlima wake.

Jana jioni nilimkalisha Neema, nikamwambia kwa Kiswahili, polepole, babu yake alikuwa nani. Alisikiliza mpaka mwisho. "Alikuwa anaongea na chui?" aliniuliza, na aliuliza kwa Kiswahili.

Nimempigia daktari. Jumamosi ninapanda basi Park Station, Mama atabaki na mtoto. Ninaogopa. Sijawahi kuita bila wewe, na huyu ni dume, na midomo yangu imesahau baridi. Lakini nakuahidi nitakwenda, na kila nitakapoulizwa nimejifunza wapi, nitasema jina lako, kwa sauti, mbele ya yeyote.

Pumzika, Papa. Pumua vizuri huko uliko.

Binti yako,
Riziki