Mfalme Hali Mchana

Jumanne, Edmonton.

Kesho nesi anakuja kumpima uzito mume wangu, na roho yangu haijatulia. Safari iliyopita alisema akipungua tena watamlaza hospitali, wamlishe kwa mpira wa puani.

Na leo TV imeniharibia kazi. Walionyesha maisha ya nyumbani ya wafalme wa hapa, wakasema mfalme hali chakula cha mchana. Bwana huyu akausukuma uji wake.

"Mfalme hali, mimi nani hata nile?"

"Mfalme ana mpishi wa kumbembeleza ale usiku. Wewe unaye mimi tu, na nimechoka. Fungua kinywa!"

Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu baridi ianze. Akala vijiko viwili, cha tatu akakitema kwenye shati. Nikamgombeza, kisha nikambadilisha. Mbavu zote nje. Yeye, aliyekuwa akimaliza sahani ya pilau akaulizia ukoko!

Nimelitoa koti lake zito, nimvike kesho kabla ya mizani, nesi asijue.

Nimekaa nalo mapajani. Kisha nimelirudisha kabatini. Naogopa, lakini koti halimshibishi mtu.