Kachumbari ya Siku ya Posa

Zakiya, wacha unachofanya. Dadangu Razan ameharibu posa yake. Au hakuiharibu, sijui. Soma tu.

Bi Rawiya, mamake Bakr, amekuja leo na dada zake kumposea mwanawe. Razan alitakiwa atulie chumbani asionekane.

Akapita jikoni kunywa maji. Akaona masalio ya kachumbari kwenye ubao uliokatiwa kuku mbichi. Ubao ule ule. Kisu kile kile.

“Mama, umeuosha?”
“Nimeupangusa.”
Na sinia lishafika kwa wageni.

Zakiya, alitoka mbio, kichwa wazi! Akamshika Bi Rawiya mkono, kijiko kikikaribia mdomo.

“Usile, Bi. Imekatiwa penye kuku mbichi. Itakuharisha.”

ITAKUHARISHA. Kwa mkwe. Mama akaangalia dari.

Bi Rawiya akakiweka kijiko chini polepole. “Na pilau?”
“Pilau imeiva vyema. Kuleni.”

Wakala pilau. Kisha Bi Rawiya akanawa, akamwambia mama: “Ile harusi ya Kiunga tuliharisha sote, na mpishi alijua akanyamaza. Huyu namtaka kwangu kabla ya Ramadhani.”

Mama amekubali. Ila bado hamsemeshi Razan, kwa ile “itakuharisha”.