Mimi Ndiye Niliyetoka Kwenye Laini

Jumatatu jioni

Hakunishika mkono. Mume wangu alisimama tu upande ule mwingine, nyuma ya picha ya mgombea wao, akaniangalia.

Kura ya karatasi angeijulia wapi? Lakini huu uchaguzi wa mlolongo, wa kupanga laini, kila mtu anaona umesimama nyuma ya picha ya nani.

Miaka mitatu kikundi chetu kimetembea Tawa mpaka Mbumbuni tukiandikisha akina mama wapige kura. Leo tulikuwa na mgombea wetu, Mwikali, mwenyekiti wetu mwenyewe. Tukapanga laini vile tunapangana tukichimba matuta, shamba la kila mmoja kwa zamu: mimi mbele, wengine wakifuata mwendo wangu. Wazo lilikuwa langu. Nilisema litatupa nguvu. Mjinga mimi.

Nikatoka. Nikavuka uwanja, nikasimama nyuma ya mume wangu. Nilipogeuka, wote walikuwa wamenifuata. Hakuna aliyeuliza. Wamezoea.

Mwikali alibaki na dada yake tu, aliyeshika picha yake.

Baba Kioko amerudi na nyama. "Leo umenipa heshima," ananiambia. Nimeipika. Kuila, sijaweza.

Alhamisi ni zamu ya shamba langu kuchimbwa, na nilikuwa nimeshajiambia hakuna atakayekuja. Lakini jua likizama Mwikali amepita hapa. Hakuingia, hata kiti alikataa.

"Alhamisi tutakuja wote, Mama Kioko," alisema. "Shamba halina makosa. Lakini wewe utachimba nyuma."