Maziwa ya Mbuzi wa Hulugho

Mdogo wangu Mutheu,

Hamjambo huko Kitui? Mimi niko hoi. Mvua hizi za El Nino zimegeuza Hulugho yote tope, na kazi ni ile ile: nyumba kwa nyumba nachota mahindi kidogo, yakapimwe kama kuvu imeyatia sumu. Magunia ya msaada yalinyeshewa njiani lori lilipokwama.

Leo mama mmoja, Halima, alinionyesha ungo wake. Alikuwa amechambua vizuri, punje safi huku, zenye kuvu kule. Nikamsifu.

"Hii mbaya sisi hapana kula, abaayo," akasema, akiniita dada kwa Kisomali. "Hii ya mbuzi."

Akanimiminia chai ya maziwa matupu, kama wanavyomkirimu dada mgeni. Nilikuwa nimefika nusu kikombe ndipo nikauliza maziwa yametoka wapi. Akanionyesha mbuzi aliyekuwa akitafuna zile punje mbovu.

Nikamweleza kwamba sumu ile haiondoki kwa kupikwa, na mnyama akiila, sehemu yake hutokea kwenye maziwa. Akamtazama mjukuu wake, naye ana kikombe mkononi.

"Wallahi? Sasa huyu atakunywa nini?"

Nikamaliza chai yangu, maana kuiacha ni kumtukana.

Mutheu, mwambie Mama yale mahindi yaliyooza chini ya ghala asimpe tena ng'ombe. Ayafukie. Nimewakumbuka nyote. Mbusu mwanao Ndinda, na kabla hujampa kikombe chake cha asubuhi, uliza ng'ombe alikula nini.

Dadako,
Kalunde