Kwa Maiti wa Mchezo Wetu

Mwalimu wangu Barasa,

Kesho tunaigiza Kitale, ukumbi uleule wa mabati, na nimechoka hata kabla ya kuanza. Vijana wameniambia kwamba tusipoigiza kesho, kundi ndio basi, kila mtu ashike njia yake. Nimekubali. Lakini sasa kuna mtu lazima alale kwenye benchi lako, na ndiyo sababu nakuandikia.

Kundi hili ulilianzisha Bungoma, ukatufundisha kusimama, kutembea, kutupa sauti ifike nyuma. Sehemu nzuri zote ukatugawia sisi. Wewe ukajichukulia ya mzee aliyekufa, anayelazwa kwenye benchi mchezo mzima bila neno hata moja, na mimi ukanifanya mjane wake. "Maiti ndiye anayeaminiwa," ulikuwa ukisema. "Akipepesa jicho tu, nyinyi wote mmekuwa waongo." Hata chai hukuwa ukiigusa kabla ya mchezo, tumbo lisije likanguruma na wewe ni marehemu.

Unakumbuka Misikhu, tulipoigiza kando ya soko? Mama mmoja muuza ndizi aliacha biashara yake akaja mpaka mbele. "Si mfunike huyu mzee, bana! Nzi wanamkalia!" Akavua leso yake, akakufunika mwenyewe, kisha akalia kunishinda. Mimi nilicheka ndani ya kilio changu mpaka mbavu zikauma. Wewe ulitulia tuli.

Kukuamsha ilikuwa kazi yangu. Ulikataa kufumbua macho mpaka uambiwe mchezo umeisha, kwa hivyo makofi yakishapigwa nilikuwa nakuja kukubana kidole gumba cha mguu. Ulikuwa ukifungua jicho moja: "Leo nimekufa aje?" Nami nikikujibu, "Umekufa sawa, ila ulimeza mate." Baada ya hapo ndipo ulipokuwa ukinywa chai.

Arafa ya kifo chako ilinikuta Bungoma nikifua nguo. Siku ya mazishi, kwenu Sirisia, watu walijaa, na wengi walikuwa wakiniangalia mimi. Nilimsikia mmoja nyuma yangu: "Ati si huyu ndiye alikuwa anamlilia kwa mchezo? Mbona leo macho makavu?" Niliona aibu, Mwalimu. Miaka yote hiyo nimekulilia Lugulu, Misikhu na Kitale, na siku yenyewe sikuwa na chozi. Tulipopita kukuaga, mkono wangu ulienda wenyewe kule chini, upande wa miguu. Ukagusa mbao za jeneza. Binti yako aliniona, akaushika mkono huo.

Tangu siku hiyo sijapanda jukwaani. Kesho kwenye benchi atalala Simiyu, yule kijana anayetupigia ngoma. Leo kwenye mazoezi alikohoa mara mbili akiwa amekufa, nikamgombeza kwa maneno yako mwenyewe. Atajifunza. Nami nitajifunga leso nimlilie, na labda safari hii machozi yatatoka. Kulia nitaweza. Ninachoogopa ni pale mwisho, nitakapombana kidole, na yeye aamke.

Umekufa sawa, Mwalimu. Hata mate hukumeza.

Mimi,
Mjane wako wa jukwaani