Kontena Langu Halina Mabati

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Huku Mtwara mimi ni mzima, joto tu ndilo linalonigombeza, na kazi yangu ya maabara inaendelea. Goti lako linasemaje siku hizi? Na alizeti zimeinamisha vichwa, au mvua ya Mtinko imewadanganya tena?

Naandika kwa karatasi kwa sababu simu ndiyo iliyotuponza. Juma aliponipigia siku ile mtandao ulikuwa unakatika, nikamwambia kwa haraka, "Niache kwanza mdogo wangu, kontena limejaa na limegoma kufunguka." Yeye akasikia bandari. Kufika jioni Mtinko nzima inajua Zaituni ana kontena la mzigo. Shangazi ameshaagiza cherehani. Hayo ningeyacheka. Lakini nasikia baba mdogo amekuja nyumbani akakuambia, "Shemeji, mwenye mtoto mwenye kontena anataka shamba la nini?" na sasa ameitisha kikao cha ukoo aligawe upya shamba la alizeti. Hilo silicheki, na simwachii.

Kontena langu, mama, halina mabati wala cherehani. Chumbani kwangu kuna kompyuta kuukuu iliyostaafishwa na ofisi fulani. Nimeigeuza seva ya nyumbani, yaani ghala la picha na sauti zetu. Ndani yake kila programu inakaa kwenye kisanduku chake isiingiliane na nyingine, na kisanduku hicho ndicho watu wa kompyuta wanachokiita kontena. Huwezi kulipakia kwenye lori. La kwangu linatunza ile sauti ya marehemu baba niliyoirekodi alipokuwa kitandani, akisema mbele ya ndugu wote kwamba shamba ni lako maisha yako yote, na baada yako ni letu, wa kike kwa wa kiume. Simu niliyorekodia iliibiwa, kwa hiyo nakala iliyobaki ilikuwa hiyo tu.

Sasa sikia kilichotokea. Umeme ulikatika. Uliporudi nikafungua seva: picha hakuna, sauti hakuna. Na hapo hapo mashine inalalamika kwamba imejaa, na kontena likagoma kufunguka tena. Nililia, sikufichi. Fundi wa mtaani kwetu akaja, akaangalia, akasema, "Dada, hii futa yote uanze upya. Siku nyingine vitu vyako weka kwa makampuni makubwa ya nje, utalala usingizi." Nikamwambia sifuti kitu, na sauti ya baba haiendi kulala kwenye nyumba ya mtu nisiyemjua. Akasema mimi ni mbishi. Nikamjibu kwamba mimi ni Mnyaturu wa Mtinko, ubishi sikujifunzia Mtwara. Akabeba begi lake akaenda.

Nikakaa nayo mwenyewe. Swali lililonisumbua ni moja: kitu kitakuwaje kitupu na kimejaa kwa wakati mmoja? Kumbe diski za kutunzia vitu ziko mbili. Ile kubwa yenye vitu vyetu haikuungana na mashine umeme uliporudi. Kontena likaamka kabla yake, likaikosa, likajitengenezea chumba kitupu chenye jina lilelile kwenye diski ndogo. Simu yangu ya sasa nayo ikaona ghala halina kitu, ikaanza kutuma picha zote upya mpaka diski ndogo ikafurika. Nikalisimamisha kontena, nikaiunganisha diski kubwa, na nilipohakikisha vitu vyetu vipo ndipo nikaondoa yale marundo ya picha kwenye diski ndogo. Kisha nikaliwekea amri lisiamke tena kabla diski kubwa haijawa mahali pake. Likawaka. Baba akakohoa, akaanza kusema. Sasa nimeshanakili sehemu nyingine mbili, umeme ukatike utakavyo.

Kwa hiyo mama, usitie sahihi wala dole gumba kwenye karatasi yoyote. Wakisema unachelewesha kikao, wape uji wasubiri. Nimeomba likizo na nimekubaliwa. Mtu asikuondoe hata kwenye tuta moja.

Msalimie Juma. Mwambie simlaumu, ila siku nyingine akisikia neno moja asiongeze la pili. Shangazi mpe pole ya cherehani. Mjomba wa Mwankoko mwambie asikose kikao, nataka watu wazima wenye masikio.

Na baba mdogo mfikishie shikamoo yangu kwa heshima zote, maana adabu sijaisahau. Mwambie kontena nakuja nalo na nitalifungua mbele ya ukoo mzima. Baba akimaliza kusema, inafuata sauti ya pili: "Nimesikia, kaka. Shamba ni la shemeji, na mimi ni shahidi." Asiulize ni ya nani. Ni yake mwenyewe.

Binti yako mbishi, anayekupenda,
Zaituni